Sigara Inayolala Kabla ya Mzee

4 Mei

Mume wangu, nuru ya macho yangu,

na tena sikumaliza kukueleza habari ya mapazia, maana ulinikatiza pale kituoni kwa kunibusu paji la uso mbele ya abiria wote, nikasahau nilikuwa nasema nini. Nilikuwa nasema hivi: nimechagua ya manjano. Najua ulitaka ya kijani. Lakini mwenye duka alinipa kipande kilichobaki kwa bei ya huruma, na jua la asubuhi likipita ndani yake chumba chote kinakuwa kama ndani ya ua, na mimi humo ndani ni nyuki, na nyuki anamngoja nani? Haya, nimenyamaza.

Ulipoondoka ndoa yetu ilikuwa haijamaliza hata ile sabuni ya zawadi. Bado ipo. Naoga nayo kidogo kidogo ili uikute.

Wenzangu pale duka la vitambaa wananicheka kwa barua hizi. Wanasema, si kituo cha zimamoto anakofanya kazi mumeo kina simu ya kumpigia huko aliko? Nawaambia simu ya kituo ni ya moto tu, mume wangu aliniapisha, na moto wangu mimi si wa kuzimwa na gari jekundu. Wakacheka mpaka mteja akaondoka.

Najivunia wewe, jamani. Nimewatangazia wote kwamba umeitwa na kamati ya bunge uwaeleze jinsi sigara inavyochoma nyumba, ili ipite sheria kila sigara inayouzwa iwe ya kujizima yenyewe mtu akiacha kuivuta. Mwenye duka akauliza, "Kwani sigara ina akili?" Nikamwambia, "Hizo mpya zinakuzidi."

Baba hajambo. Zile pakiti za majaribio zilizoanza kuuzwa dukani, ulizomwachia, anazivuta, lakini kwa kelele. Jana aliiweka sigara kwenye kisahani cha majivu apate kunywa chai, kugeuka, imezimika. Akaitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mkwe, njoo uone sigara inayolala kabla ya mzee!" Akaiwasha, akaanza kunisimulia habari ya fundi mwenzake aliyeshona godoro akasahau mkasi ndani, na alipofika mahali pa kucheka imezimika tena. Akasema, "Mumeo ananiachisha ziwa uzeeni."

Nalala kwenye godoro letu, lile alilotushonea kwa mkono wake, na kila nikigeuka pamba inanong'ona jina lako. Yeye mwenyewe bado analalia lile lake la mabonde na vilima. Mganga hajigangi.

Mke wako mpya kabisa


9 Mei

Mke wangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma kwenye benchi la korido nje ya chumba cha kamati, ambako sasa ndiko kazini kwangu. Tunaitwa asubuhi, tunakaa, karani anatoka saa sita anasema leo haiwezekani, tunaondoka. Nimechoka bila kufanya kazi, na uchovu huu ni mbaya kuliko ule wa kupanda ngazi na bomba begani. Ule ukilala unaisha.

Sina maneno matamu kama yako. Mapazia ya manjano ni sawa.

Wakili wa kiwanda cha sigara anangoja benchi hilohilo. Ni mtu mpole, anakohoa sana, na mwenyewe havuti. Aliniambia, "Bwana zimamoto, moto hauletwi na sigara, unaletwa na uzembe. Wafundisheni watu wasilale nazo." Nikamjibu kwamba katika nyumba zote nilizoingia sijakuta hata mmoja aliyepanga kulala nayo. Akanipa nusu ya gazeti lake.

Siku waliyoniita ndani kwa dakika chache niliwaonyesha tu ile karatasi ya sigara. Niliishika mbele ya taa ili waone pete mbili tatu za karatasi nzito zaidi zinazoizunguka sigara. Moto ukifika kwenye pete na hakuna anayevuta, unakosa hewa na kufa. Ndiyo siri yote. Mheshimiwa mmoja akaniuliza kama pete hizo ni za dhahabu.

Sasa nisikilize vizuri. Karani anasema kamati imechoshwa na takwimu, inataka shahidi ambaye sigara hizi zinavutwa nyumbani kwake. Wakili atadai kwamba wavutaji hawatazikubali kamwe, kwa hiyo sheria ni kazi bure. Nimemwambia karani nitasimama na kusema kwamba baba yangu mzazi, mvutaji tangu ujana wake, anazivuta na hana neno. Kwa hiyo niandikie kweli anaendeleaje nazo. Na nakuomba, akikubembeleza vipi, usimnunulie zile za zamani. Naujua moyo wako.

Mume wako


13 Mei

Wangu wa pekee,

Umesema "naujua moyo wako" na mimi nimeusoma mstari huo mara nyingi mpaka karatasi imeanza kuwa laini. Unaujua kweli? Basi unajua umejaa.

Nakujibu kuhusu Baba. Ilikuwepo siku moja ngumu. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kiberiti mkononi, sigara imezimika, akaiwasha, ikazimika, na ghafla nikaona machozi. Machozi ya kweli, mume wangu, mwanaume aliyeshona magodoro ya nusu ya mji huu. Akasema, "Macho yamekwenda, kazi imekwenda, mama yake mumeo amekwenda. Nilibakiwa na hiki kidogo, na chenyewe kinanifia mkononi." Wewe ungefanya nini? Mimi nilimpoza kwa namna yangu.

Sasa ametulia kabisa. Hanung'uniki, hatukani, anavuta kimya na kusimulia hadithi mpaka mwisho. Kwa hiyo uende ukaseme bila wasiwasi. Ameshazoea.

Nimefanya jambo ambalo utalipenda. Nimempa godoro letu. Kiuno kilikuwa kinamuuma, na mimi kitanda bila wewe ni kikubwa kama uwanja, nalala kwenye mkeka na mto wako. Mwanzoni alikataa. "Godoro la harusi halilaliwi na mjane." Nikamwambia, "Baba, ulilishona wewe, lijaribu ujue kama tulipunjwa." Akalala. Akasema hatukupunjwa.

Nilitundika na lile pazia la manjano chumbani kwake, ili naye asubuhi awe ndani ya ua.

Nachoka kidogo siku hizi, kazi na nyumba, lakini ni uchovu mtamu. Uje upesi.

Mke wako, bado mpya


17 Mei

Mke wangu mpenzi,

Umenipunguzia mzigo. Nilikuwa nahofia kwamba Mzee atakuendesha. Nimeandika maelezo yangu, nimetia sahihi, karani ameyapeleka kwa mwenyekiti: baba yangu, fundi magodoro mstaafu, amezizoea. Mwenyekiti alifurahi, akasema fundi magodoro ni shahidi bora kuliko daktari.

Kikao kimeahirishwa tena. Safari hii kiyoyozi kimeharibika na waheshimiwa hawawezi kufikiri kwenye joto. Nilimwambia wakili kwamba mimi nimefikiri kwenye joto kubwa zaidi. Akacheka mpaka akakohoa.

Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta. Jioni nakaa naukumbuka moto mmoja, ule wa nyumba ya ghorofa, ambao sikuwahi kukueleza na sitakueleza. Nasema tu kwamba kisahani cha majivu kilikuwa safi, wamekiosha. Sigara ilikuwa imeanguka pembeni, kati ya godoro na ukuta. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wamechoka, kama mimi sasa.

Kulala kwako kwenye mkeka kumeniuma, lakini nimefurahi Mzee amepata godoro zuri. Mpe salamu.

Mume wako


20 Mei

Mpenzi wangu,

Haya na mimi sasa nimekuwa fundi! Nimepaka rangi chumba cha Baba! Nyeupe, safi, inang'aa kama yai lililomenywa. Nilianza na dari, shingo inaniuma mpaka leo, kisha kuta, na mlango utafuata. Harufu ya rangi ni kali, kwa hiyo Baba kwa sasa analala sebuleni, na madirisha yote yapo wazi mchana kutwa. Pazia la manjano nimeliondoa, nimeona kumbe ulikuwa na haki, kijani kingefaa zaidi.

Baba anakusalimu sana. Angeandika mwenyewe ila mkono umechoka.

Usijisumbue kuharakisha kurudi. Maliza kazi yako vizuri, useme uliyoandika, upate sheria yako. Sisi hatujambo. Nakupenda kuliko jana.

Samahani barua ni fupi. Nina kazi ya kufua.

Mke wako


23 Mei

Mke wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na sijakaa mpaka sasa.

Mtu anayependezesha chumba huanza na ukuta anaoutazama akiamka. Anayeanza na dari ni aliyeona dari yake nyeusi. Halafu madirisha wazi mchana kutwa, pazia limeondolewa, mzee amehamishiwa sebuleni, nguo za kufua, na mkono "umechoka". Ndiyo kazi yangu hii. Nimeingia kwenye vyumba vingi baada ya moto na kuambiwa hakuna kilichotokea, ni rangi tu tunapaka.

Sikugombezi. Sina nguvu hizo. Nataka kujua mambo manne na unijibu kwa siku hiyohiyo. Mkono wa baba umeungua kiasi gani? Wewe umeungua? Kilichoanza ni godoro? Na kituoni walichukua muda gani kufika, maana vijana wa zamu ile ni wepesi, wangekuwa mlangoni kabla hujaweka simu chini, na sielewi kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniandikia.

Kikao kimepangwa tarehe 3 na safari hii kitafanyika, kiyoyozi kimetengenezwa. Sahihi yangu ipo kwenye meza yao.

Mume wako


27 Mei

Mwanangu,

Mkono wa kulia umefungwa bandeji kama mtoto mchanga, kwa hiyo anaandika mkeo. Nimemwambia aandike kila neno linavyotoka, asiweke maua. (Nimekubali, mume wangu. Siweki maua.)

Mkono umeungua kiganja na vidole vitatu. Daktari wa zahanati anasema utapona, ila hautakunja ngumi. Nimemwambia sina wa kumpiga. Mkeo hakuungua, isipokuwa nyusi moja, na anaichora kwa penseli. (Hilo halikuwa na haja ya kuandikwa.) Andika.

Sigara zako sikuzizoea. Nilizichukia tangu ya kwanza. Nililia kidogo mbele ya huyu, nakiri machozi yenyewe yalikuwa ya kweli nusu, nusu ya ufundi. Kesho yake akaniletea pakiti ya duka chini ya khanga, zile za zamani. Aliiweka kwenye mto akatoka. Nilidhani nimepata binti.

(Umempata, Baba.) Usijibu, andika.

Ile siku, baada ya chakula cha mchana, nikajilaza juu ya godoro lenu na ile sigara isiyolala. Mimi nikalala, yenyewe ikabaki macho.

Niliamka kwa joto kiunoni. Nikamwita. Akaja na ndoo, akamwaga, akaenda akaleta nyingine, hodari kama mwanaume. Juu kukazimika. Lakini mimi nimeishi na pamba maisha yangu yote. Pamba si karatasi, pamba inaliwa ndani kwa ndani na uso wake umetulia. Nikamwambia, "Mwanangu, nenda kwa jirani upige simu kituoni." Akasema, "Baba, niwaite wenzake waje wazime moto nyumbani kwa zimamoto? Moto wa sigara? Na yeye kasimama mbele ya bunge? Watamcheka mpaka astaafu." Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikaona anasema kweli.

(Ndivyo nilivyosema. Jirani ni ukuta kwa ukuta, na simu yake naisikia ikilia nikiwa jikoni. Sikwenda.)

Tukajaribu kulitoa nje. Godoro la pamba likilowa ni zito kama ng'ombe aliyekufa. Likakwama mlangoni, tukalirudisha ndani, tukakaa chini tunahema. Kisha yeye akaenda duka la dawa kunitafutia mafuta ya kiuno. Nikabaki nalo mimi na yeye, mimi na lenyewe, andika vyovyote. Nikaona moshi mwembamba kama uzi unatoka kwenye mshono wa pembeni. Mshono wangu. Nikachukua mkasi. Nilitaka nitoe pamba mbovu nibakize nzuri, maana lile godoro niliwashonea ninyi, na macho haya hayatashona jingine. Nilipopasua tu hewa ikaingia, na moto uliokuwa unangoja humo ndani ukatoka wote kwa pamoja. Ndiyo mkono, ndiyo dari, ndiyo pazia la huyu.

Waliozima ni jirani na wapita njia, na huyu aliyerudi mbio akaacha nyusi humo. Kituoni hawajui mpaka leo.

(Anapangusa macho. Anasema ni moshi wa siku ile bado umo machoni.)

Sasa sikiliza neno langu kama bado mimi ni baba yako. Usiende kusema nimezizoea. Usiape uongo kwa ajili yangu, nimeshaungua inatosha. Huyo wakili ana haki, wavutaji hawazipendi sigara zako, na mwambie hivyo hivyo mzee amesema. Halafu mwambie pia mahali pa kuziweka pakiti zake.

(Hapa kuna maneno ambayo sikuyaandika. Nimesoma mpaka kidato cha nne na sijui yanavyoandikwa.)

Baba yako

Mume wangu, hapa ni mimi mwenyewe, Baba amesinzia. Nilikudanganya kwa sababu nakupenda. Nimezunguka na sababu hiyo chumba kizima nikisugua masizi ukutani, na nimeona kwamba haizimi kitu. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Kama utaniambia nirudi kwetu nitaelewa, ila usiniambie kwa barua fupi.


3 Juni

Mke wangu,

Hutarudi kwenu. Kwenu ni hapo.

Nimesema leo. Nakuandikia kwenye benchi, viatu nimevua, karani ameniona akapita.

Mwenyekiti alianza kwa kusoma maelezo yangu kwa sauti, kwamba baba yangu amezizoea. Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa, hayo nayafuta. Hakuzizoea. Mke wangu alimnunulia za zamani, mzee akasinzia na moja mkononi, nyumba yangu imeungua, na mkono wa baba yangu hautakunja ngumi tena." Wakili hakungoja hata zamu yake. "Kumbe hata mke wa zimamoto hazitaki!" Waheshimiwa wakacheka. Mmoja aliyekuwa anasinzia aliamka akauliza wanacheka nini, wakacheka tena.

Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema nilichokuwa nakifikiri tangu nipate barua ya Mzee. Niliwaambia, ni kweli, hakuzitaka. Mke wangu si mzembe. Ana mikono myepesi, ana akili, na nilimkataza. Alikwenda dukani kwa huruma, na kwenye rafu kulikuwa na pakiti za aina mbili zimepangwa bega kwa bega. Kama kungekuwa na aina moja tu angerudi na hiyo moja, baba angemnunia, na jioni wangekula pamoja. Nikawaambia, sheria hii siiombi kwa ajili ya mzembe. Mzembe ataunguza nyumba kwa mshumaa. Naiomba kwa ajili ya mtu mwema asiyeweza kumnyima mzee wake.

Mwenyekiti akaitisha kura.

Kifungu kimepita kwenye kamati. Usishangilie bado. Wameyapa maduka muda mpaka mwakani kumaliza akiba ya zamani, na muswada wenyewe lazima upite kwenye bunge zima, na mimi nimeambiwa nisiondoke mpaka mwisho wa mwezi ujao endapo nitaitwa tena. Yaani nimeshinda, na kesho nakaa benchi lilelile.

Wakili alikuja akakaa pembeni yangu. Nilidhani atanisema. Akanipa peremende ya kikohozi, akasema, "Baba yangu mimi pia alikuwa anavuta," akaondoka.

Kuhusu wewe na mimi. Nimejipekua kama nimekasirika, na sijui, nimechoka mno kujua. Yapo yanayoniuma na tutayasema tukionana, si kwa karatasi. Kwa sasa nataka jambo moja. Siku nyingine nyumba ikishika moto, piga simu. Waache wacheke. Wakicheka maana yake wamefika.

Mume wako


8 Juni

Mume wangu,

Nimekwenda kituoni. Sikupiga simu, kwa kuwa moto umeshazimika na simu ni ya moto tu. Nilikwenda kwa miguu, nikasimama mbele ya gari lenu jekundu, nikawaambia vijana wote wa zamu: nyumbani kwa mwenzenu kuliwaka, nami sikuwaita, kwa aibu. Wakanitazama. Kisha yule mnene mnayemwita Kijiko akasema, "Shemeji, sasa mumeo tutamwita Masizi." Wakacheka mpaka mmoja akashikilia gurudumu. Nilisimama nikacheka nao, na wakati nacheka nikawa nalia, wakavaa kofia wote, wakaja.

Walilitoa lile godoro lililobaki chumbani, kwa mlango uleule uliotushinda, kwa kulikunja kwanza. Kumbe linakunjwa. Kisha wakaitazama dari yangu nyeupe. Ilikuwa imeanza kutoa madoa ya njano, maana masizi hayafichwi na rangi, yanapenya. Nilikuwa sijui. Wameiosha kwa sabuni ya magadi, wakaipaka upya. Sasa ni nyeupe kweli, ingawa mimi nikiitazama bado najua kilichokuwa chini yake.

Nilipita dukani kwa mwenye sigara. Akavuta ile pakiti ya zamani kabla sijafungua mdomo, kwa mazoea. Nikamwambia hapana, na sasa ni hapana mpaka mwakani, na mwakani utaambiwa na serikali. Akasema, "Mama, sheria bado haijaanza." Nikamwambia kwangu imeanza, na askari wake ni mimi. Nilisema kwa ukali kisha nikatembea nyumbani polepole, kwa sababu Baba alikuwa barazani ananisubiri, na alinitazama mikononi kabla ya usoni.

Aliponiona nimeleta zako akaninunia mpaka jioni. Tukala pamoja, kama ulivyowaambia waheshimiwa. Alimaliza maharage yake bila kunitazama, kisha akasema, "Haya, washa."

Kwa kuwa mkono haushiki kiberiti mimi ndiye namwashia. Anavuta mara mbili, anaanza hadithi, inazimika, ananiita. Namwashia, inazimika, ananiita. Ile ya mkasi ndani ya godoro sijaisikia mwisho wake mpaka leo. Nimechoka, mume wangu, nakwambia kweli kwa kuwa nimeacha kukuandikia mengine. Lakini nikiwa jikoni nikasikia anaitukana sigara na aliyeitengeneza na mwanaye aliyeileta, najua imelala, basi na mimi naendelea na kazi zangu kwa amani. Sikujua kwamba matusi yanaweza kuwa matamu hivi. Akinyamaza ndipo naacha sufuria nikaenda kumtazama.

Tunashona. Yeye anakaa kwenye kiti anaamrisha, mimi nashika sindano. Ile pamba nzuri aliyotaka kuiokoa ilikuwepo kweli, upande wa miguuni, si nyingi. Haitoshi godoro. Imetosha mto. Anasema mishono yangu imepinda kama mlevi anarudi nyumbani, akanifumulisha mara mbili. Jana amepitisha kidole kizima kimoja kwenye ukingo wote, akasema, "Utalaliwa." Ni sifa kubwa hiyo, yule mwenzake aliyesahau mkasi hakuwahi kuipata.

Mwenye duka la vitambaa amenipa likizo, kwa kunung'unika. Daktari ameruhusu Baba asafiri. Kwa kuwa kamati haikuruhusu wewe uje, na tuna ya kusema ambayo si ya karatasi, tunakuja sisi, mimi na yeye, na mto kwenye mapaja yangu njia nzima. Baba anataka kuliona hilo benchi, na anataka kukaa pembeni ya wakili. Nimemsihi asiseme lolote. Anasema atafikiri njiani.

Mto una harufu ya moshi kidogo. Nimeuanika juani kila siku haitoki, lakini nadhani wewe hutajali. Ile sabuni nayo nakuja nayo, imebaki kipande. Mwambie mwenye chumba atafute mkeka mmoja zaidi, na uweke kisahani mahali pa wazi, mbali na ukuta. Kabla mwezi huu haujaisha utatuona mlangoni.

Mke wako